Kidonda cha Chini cha Baba Bado Kiko Wazi
Mama Shashi anajibu barua za wasomaji

Miaka 32 nimefunga na kufungua vidonda kwenye wodi za upasuaji, mpaka wagonjwa wakanibandika jina la Mama Shashi. Nimestaafu, nakaa Kigamboni, jina limenifuata hata kwenye kivuko. Mwezi huu barua nne zimekuja juu ya jambo ambalo watu wetu hulisema kwa kunong'ona: kidonda kinachobaki huko chini baada ya upasuaji wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mimi sinong'oni. Asiyetaka kusoma habari za makalio na mfuko wa kinyesi afunue ukurasa wa mapishi.

*

Shikamoo Mama Shashi. Baba yangu ana miaka 63, ni fundi cherehani hapa Tandika. Mwaka jana aligundulika ana saratani ya puru, chini kabisa karibu na tundu la haja kubwa. Alipigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road wiki 5, akapumzishwa, halafu akafanyiwa upasuaji mkubwa. Walitoa puru pamoja na tundu lenyewe, wakamwekea mfuko wa kinyesi tumboni upande wa kushoto. Kidonda cha tumbo kilikauka ndani ya wiki 2. Cha chini kilishonwa, lakini siku ya 11 kikafumuka, na leo ni wiki ya 9 bado kuna shimo, kidole kizima kinaingia. Shangazi ameleta asali na unga wa mwarobaini. Kaka anasema madaktari wamemharibu mzee, tuwashitaki. Baba mwenyewe anauliza kitu kimoja tu: lini atarudi kwenye cherehani?
Binti wa Fundi, Tandika

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mwambie kaka yako akae chini kwanza, nimweleze kwa lugha ya kazi ya baba yake.

Kidonda cha tumbo ni mshono wa shati. Kitambaa huku, kitambaa huku, uzi katikati. Huko chini, kwenye msamba, kitambaa chenyewe kimeondolewa. Daktari hawezi kuacha mzizi wa saratani, kwa hiyo ametoa puru, tundu, misuli inayolibana tundu na mafuta yaliyolizunguka. Akishamaliza anabaki na pande mbili zinazovutana ili zikutane, na nyuma ya mshono huo kuna pango. Ukitoa kitu tumboni, kuta za tumbo hulegea zikaziba nafasi. Nyonga ni mfupa, haulegei. Pango linabaki, linajaa damu na majimaji, na majimaji hayo yakitafuta pa kutokea yanakuta mlango mmoja tu, ule mshono. Halafu mgonjwa analala na kukaa juu yake, na kila akigeuka pande zile mbili zinavutwa.

Juu ya hayo weka mionzi. Wiki 5 za baba, Jumatatu hadi Ijumaa, ni vikao 25 au zaidi kidogo. Mionzi ile ilikuwa na kazi ya maana, kusinyaza uvimbe na kupunguza hatari ya saratani kurudi palepale. Lakini inasinyaza pia vimishipa vidogo vya damu kwenye ngozi na nyama za jirani. Nyama iliyopita kwenye mionzi ni kama mtaa wenye bomba la maji lisilotoa presha: watu wanaishi, ila ndoo inachukua saa nzima kujaa. Ndiyo maana waliopigwa mionzi kabla ya upasuaji huu husumbuliwa zaidi na kidonda cha chini kuliko wasiopigwa, na hilo limeonekana nchi nyingi, kwenye hospitali kubwa zenye kila kitu. Simjui daktari wenu na sikuwepo chumba cha upasuaji. Ila kwa haya uliyoandika, kufumuka siku ya 11 peke yake hakunionyeshi kosa la mtu.

Ernest Miles wa London aliuandika upasuaji huu mwaka 1908, na kwa miongo mingi baada yake kidonda cha chini mara nyingi kiliachwa wazi kwa makusudi, kikajazwa shashi, kikangojwa. Kwa hiyo anachopitia baba ni njia ya zamani, ndefu na yenye kuchosha, lakini ni njia.

Sasa shika neno hili moja, maana mengine yote yanatoka hapo. Kidonda cha namna hii hakifungi, kinajaa. Kinajaa kutoka chini kuja juu, kama kisima kinachofukiwa. Nyie kila asubuhi mnaangalia mdomo wa kidonda, mkiuona mpana mnakata tamaa. Acheni kupima mdomo, pimeni kina. Nunua daftari dogo. Kila Jumatatu muuguzi wa kliniki apime kina kwa kijiti safi cha pamba, wewe andika sentimita ngapi. Andika pia ukanda wa shashi unaoingia una urefu gani na unatoka umelowa kiasi gani. Wiki ya 9 ikiwa sentimita 7 na wiki ya 11 ikawa 5, mnakwenda, hata kama mdomo uko vilevile. Na mdomo ukiziba wakati ndani bado kuna pango, msichinje kuku wa shukrani. Hiyo ni jipu linalosubiri.

Shashi iingie kwa ulegevu. Hapa nina la kukiri. Nilipokuwa kijana, hospitali moja ya mkoani, nilipewa mgonjwa mwenye shimo kama la baba yako. Nikalijaza shashi kama anayejaza sufi kwenye mto, nikijua ndiyo ustadi. Wiki zikapita, kidonda hakisogei na harufu inazidi. Sista mmoja wa makamo akaja na koleo na taa, akavuta nilichoweka mimi, halafu akavuta kipande kingine kilichokuwa nyuma, hata hakijulikani ni cha siku gani. Hakunigombeza. Aliniwekea tu kwenye bakuli nikitazame. Tangu siku ile natumia ukanda mmoja mrefu, mkia wake unabaki nje, na kilichoingia kinahesabiwa kikitoka. Shashi iliyokazwa inabana hivyo vimishipa vichache vilivyobaki na inazuia majimaji kutoka. Kazi yake ni kunyonya na kuzuia mdomo usizibe mapema, basi.

Maji ya kusafishia: chemsha nusu lita, tia kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, acha yapoe. Spiriti, Dettol na vyote vinavyochoma viwekwe mbali. Vinaua vijidudu na vinaua nyama changa iliyoanza kuota. Ukiona ndani ni pekundu, punjepunje na panang'aa kama nyama ya fenesi iliyopakwa rangi, hiyo ndiyo nyama mpya, usiisugue. Utando laini wa manjano si lazima uwe usaha. Muulize muuguzi kabla hujaanza kukwangua.

Shangazi ashukuriwe, asali yake iingie kwenye chai. Asali ya kutibu vidonda ipo na inafanya kazi, lakini inatayarishwa kiwandani ikauliwa vijidudu. Ya chupa ya barabarani inaweza kuwa na mbegu za vijidudu, na nyingine nusu yake ni sukari iliyochemshwa. Unga wa mwarobaini ndio kabisa usiingie. Unga kwenye shimo lisiloonekana mwisho wake hautoki wote, na kinachobaki ndani ni kama ile shashi yangu.

Chakula sasa, na hapa natamani ningekuwa jikoni kwenu. Naona mnampa uji wa lishe asubuhi na jioni, kila nyumba ya mgonjwa Dar es Salaam ina lile kopo. Mwingi wa ule uji ni wanga. Nyama haioti kwa wanga. Mtu mwenye kidonda kikubwa anahitaji gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani mzee wa kilo 60 anatafuta kama gramu 75 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20. Kwa hiyo mayai 2 asubuhi, samaki mchana, dagaa au kuku usiku, maziwa katikati na karanga za kutafuna akisikiliza redio. Maharage yanafaa ila yatajaza mfuko hewa, ayale siku asiyotoka. Ongeza machungwa, mapera, mchicha. Kama ana matatizo ya figo, daktari aseme kwanza. Kama ana kisukari, sukari ikiwa juu kidonda hakisogei hata ale ng'ombe mzima. Na sigara, kama anavuta, ni mkono unaobana lile bomba lililokwisha kukosa presha.

Nyumba za Tandika nazijua. Kama choo ni cha kuchuchumaa, asichuchumae. Haja kubwa inapita kwenye mfuko, na ndogo aisimamie au atumie ndoo. Kuchuchumaa kunapanua msamba wote. Alale ubavu, abadilishe upande kila baada ya saa 2 hivi akiwa macho. Joto la Machi likija, feni imwelekee na atumie shuka la pamba, jasho likikaa kwenye mikunjo ngozi ya pembeni inalainika na kuchubuka.

Muulizeni daktari pia habari ya mashine ya kuvuta majimaji. Sponji inakatwa kwa umbo la shimo, inafunikwa kwa plastiki, na mashine inavuta polepole, mara nyingi kwa nguvu ya milimita 125 za zebaki. Inakausha pango na kuita damu. Haifai kila kidonda. Utumbo ukiwa wazi ndani ya shimo, au saratani ikiwa bado imo, haiwekwi.

Usisubiri siku ya kliniki ukiona homa na kutetemeka, usaha mzito, harufu iliyobadilika ghafla, damu inayotiririka, mkojo au kinyesi kupitia kidondani, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Ngozi zetu haziwi nyekundu kama vitabu vinavyosema. Tazama pembezoni pawe peusi zaidi, pamekaza, panang'aa, halafu weka mgongo wa mkono wako uone kama pana moto kuliko paja. Na ukiona kitu laini, kibichi, kama mrija unatokeza shimoni, huo ni utumbo. Usiurudishe. Funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi, asile wala asinywe, mwende hospitali saa hiyohiyo. Zaidi ya hapo, miezi 6 ikipita bila kujaa, apigwe picha ya nyonga na kipande kidogo cha nyama kikapimwe, ili ijulikane kama ni ukaidi wa kidonda tu au saratani imerudi. Wakati huo ndipo linapozungumzwa suala la kuleta nyama kutoka sehemu nyingine, soma barua inayofuata.

Na cherehani. Fundi hashoni tu, anakata pia, na kukata hukatwa kwa kusimama mezani. Aanze na mkasi. Kijana wake akae kwenye mashine, yeye apime, achore chaki, akate. Kukaa aanze na dakika 10 juu ya sponji bapa, nene, kisha ainuke atembee. Mkiona majimaji au damu vimeongezeka siku inayofuata, rudini nyuma. Sitakupa tarehe. Daftari ndilo litakalokupa.

*

Shikamoo dada mkubwa. Nina miaka 46, naishi Kimara. Uvimbe wangu uko mbele ya puru na umegusa ukuta wa uke. Daktari amesema atatoa vyote pamoja, na daktari mwingine wa upasuaji rekebishi atachukua msuli na ngozi ya tumbo azibe pengo na kunitengenezea ukuta upya. Sikulala. Nyama ya tumbo ikapandwe kule, haitaoza? Na mume ninaye, sijui nimwambieje.
Mwenye Hofu, Kimara

Marahaba mdogo wangu. Umeandika kurasa 4 na kufuta mistari mingi. Nimejibu hata iliyofutwa, maana kalamu yako inaacha alama.

Kuna kupandikiza ngozi na kuna kuhamisha nyama, na watu wanavichanganya. Ngozi ya kupandikiza ni karatasi nyembamba iliyokatwa kabisa, inaomba damu kwa mwenyeji wake. Mwenyeji aliyechomwa na mionzi hana cha kumpa. Nyama ya kuhamisha ni mgeni anayekuja na chakula chake. Daktari anachonga kipande cha ngozi, mafuta na msuli ulionyooka kutoka mbavu hadi kinenani, lakini mshipa wa damu unaoulisha kutoka chini haukati. Anakipitisha ndani ya tumbo, anakishusha nyongani na kukishona mahali pake kikiwa bado kimeunganishwa. Yaani mtu amehama nyumba na bomba lake la maji analiburuta. Msuli unajaza lile pango nililomweleza Binti wa Fundi, na ngozi iliyokuwa tumboni inakuwa ukuta wa nyuma wa uke na ya kufunika msamba. Nyama hiyo haikupigwa mionzi, au imepigwa kidogo tu, ndiyo faida kubwa.

Kuoza? Mara chache sehemu yake hufa kwa kukosa damu, siwezi kukudanganya. Ndiyo sababu siku 2 au 3 za mwanzo watakusumbua kila saa, usiku na mchana: wanagusa kama ina joto, wanabonyeza na kuangalia rangi inarudi baada ya sekunde ngapi. Mshipa ukibanwa wanaweza kukurudisha chumba cha upasuaji na kuuokoa. Wauguzi vijana wanaosoma hapa, kwenye ngozi nyeusi msisubiri "weupe" wa kitabuni. Joto la ngozi na ugumu wa nyama ndivyo vitakavyokwambia mapema. Nyama iliyovimba, imekaza na kugeuka zambarau damu imeingia lakini haitoki. Iliyo baridi na kulegea kama mfuko mtupu damu haifiki.

Uliza mfuko utakaa upande gani. Kwa kawaida unakaa kushoto, kwa hiyo msuli huchukuliwa kulia. Kama tumbo lako lina kovu la upasuaji wa uzazi, mwonyeshe daktari na mwambie upasuaji ulikuwaje, aone kama mshipa uko salama. Tumbo likikataliwa, wapo wanaotumia msuli mwembamba wa ndani ya paja, na utatembea vizuri tu kwa kuwa misuli jirani inafanya kazi yake. Wengine hutumia nyama ya makalio. Kila chaguo lina bei yake. La tumbo linaacha ukuta dhaifu, kwa hiyo ndoo ya lita 20 kichwani uisahau miezi 3. La makalio linakunyima kukaa.

Wiki za mwanzo hutakaa moja kwa moja juu ya kile kiungo kipya, mara nyingi 2 au zaidi, kama daktari atakavyosema. Kliniki panda gari ambalo unaweza kulala ubavu kiti cha nyuma. Basi la mwendokasi la asubuhi, la kusukumana, usithubutu.

Kuhusu mume. Ngozi mpya ile haina hisia kama ya mwanzo na haitoi ute. Inaweza kuota vinyweleo, maana haijui kama imehama. Mionzi ya nyonga kwa kawaida hukatisha hedhi na kuufanya uke ukauke na kubana. Vifaa vya kupanulia polepole vipo, vilainishi vya maji vipo, na tendo lenyewe huanza baada ya daktari kukagua na kuridhika, kwa wengi ni miezi. Nimewauguza wanawake waliorudi kwenye ndoa zao na ndoa ikaendelea, kwa mtindo mwingine. Nimewaona pia ambao mume alikimbia, na wawili kati yao nakumbuka alikimbia kabla ya upasuaji, kwa hiyo kisu hakina lawama. Nenda naye kliniki siku ya kuzungumza na daktari rekebishi. Aliyechorewa mchoro kwenye karatasi na daktari huuliza maswali ya maana kuliko aliyesimuliwa gizani na mke anayelia.

Swali ulilofuta ukurasa wa tatu: ndiyo, una haki ya kumwambia daktari kwamba unataka ukuta wa uke utengenezwe, au hutaki. Vyote viwili ni majibu. Mwambie kabla ya siku yenyewe.

*

Kwako mama. Nina miaka 70, Ilala. Puru ilitolewa yote mwaka juzi na kidonda kimepona. Mbona hadi leo nasikia haja imenibana na kutaka kwenda chooni? Pia nina mfuko, swala yangu vipi?
Mzee wa Ilala

Shikamoo mzee wangu. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikipeleka habari za puru bado inapiga simu ingawa ofisi imefungwa. Ni kama aliyekatwa mguu anayewashwa kidole. Kwa wengi hali hiyo hupungua kadiri muda unavyopita. Ukiwa umelala kidogo kwa ubavu au umetembea, hupoa. Lakini ikiwa ni maumivu mapya, yanayozidi, au damu au uvimbe unaoshuka msambani ukikohoa, hiyo si simu ya zamani. Nenda ukapimwe.

Swala si taaluma yangu. Wagonjwa wangu wengi waliambiwa na masheikh wao kwamba mwenye udhuru wa kudumu hutia udhu kila wakati wa swala unapoingia, na huswali na mfuko wake. Mwone imamu wako umweleze wazi. Upande wangu ni huu: mwaga mfuko kabla ya adhana, na tundu la mfuko likatwe kubwa kuliko stoma, yaani mdomo wa utumbo uliotolewa tumboni, kwa milimita 2 au 3 tu, kinyesi kisichome ngozi. Ukiinama kwenye sijda na mfuko umejaa, unavuta gundi.

*

Mama Shashi, wenzangu kazini wamemchangia mume wangu mto wa duara wenye tundu katikati, wa kujaza upepo, akalie kidonda chake. Ni mzuri?
Mke wa Mgonjwa, Temeke

Wenzako wana moyo mzuri na wamenunua kitu kibaya. Ule duara unabana makalio kuzunguka tundu, damu inakwama, na kidonda kilichoko katikati kinaning'inia na kuvutwa wazi. Mtafutie sponji bapa, nene, ikate Kariakoo kwa kipimo cha kiti chake. Ule mto mpe mjukuu Jumapili aende nao Coco Beach, akaelee.